Meli Zilizokuja kwa Upande wa Diani

Maji ya bamvua yakikupwa, ufuo wa Shelly hufunguka mpaka karibu na mwamba. Watoto wa Likoni hushuka na vikopo vyao kutafuta kaa na makome, kina mama hupanga mihogo na viazi karai chini ya mivinje, na mitumbwi hulala ubavu mchangani ikingoja maji yajae. Kisha mtu mmoja husema, "Hiyo yaingia," na wote hugeuza shingo. Upande wa kushoto, pale mwamba unapokatika na maji kuwa buluu nzito, meli ya makontena hukata kona taratibu kuelekea mlango wa Kilindini, mashua ya rubani ikiwa mbele yake kama kifaranga kilichomtangulia mama.

Mwaka 2024 nilikuwa pale na jirani yangu, mzee aliyefanya ukuli bandarini tangu ujana wake hadi alipostaafu. Nilimuuliza meli ile yatoka wapi.

"Siku hizi siwezi kukwambia, mwanangu. Zamani ulikuwa wajua kwa kutazama tu. Ya Ulaya yaja kwa kule," akanyoosha mkono kaskazini, juu ya Nyali. "Halafu Suezi ikafungwa. Tukaona meli za Uingereza zaja kwa huku, kwa upande wa Diani. Hata asiyesoma gazeti alijua wamezibiwa njia."

Maneno hayo yalinikaa. Watu wa ufuo huu wamekuwa wakisoma habari za dunia kwa kuangalia meli imetokea upande gani. Sasa inafunguka njia ambayo meli zake hazitaonekana hapa kwa upande wowote: inapita juu ya Urusi, katika bahari ya barafu, kutoka China na Japani hadi Ulaya. Kutoka Yokohama hadi Rotterdam kupitia Suezi ni maili za bahari zipatazo 11,200. Kupitia barafuni ni kama 7,300. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu yao, wakisema hayo ni mambo ya Mrusi na Mchina. Mimi naona yanatuhusu, na yalianza kutuhusu zamani sana, tangu siku za ile ngome iliyoko ng'ambo ya pili ya kisiwa.

Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Hakuthubutu kuingia bandarini, na usiku watu wa Mvita waliogelea hadi kwenye meli zake wakijaribu kukata kamba za nanga. Wiki moja baadaye alikuwa Malindi, akapewa rubani aliyezijua pepo za Bahari ya Hindi, na kabla Mei haijaisha akafika Calicut. (Wengi humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria waliochunguza nyaraka hawakubali.) Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliichoma Mombasa. Mwaka 1593 ikaanza kujengwa Fort Jesus kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na kufikia 1596 kuta zilikuwa zimesimama. Ngome ile ilikuwa kufuli. Mreno alidai njia ya Rasi ya Tumaini Jema ni yake peke yake, na huku Afrika Mashariki ndiko alikoutia mkono wake kwenye kitasa.

Aliyefungiwa mlango huzunguka nyuma ya nyumba. Waingereza walikuwa wamejaribu kuzunguka mapema zaidi. Mwaka 1553 walituma meli tatu kutafuta China kwa kupitia kaskazini mwa Ulaya. Hugh Willoughby na mabaharia wa meli mbili walifia katika baridi ya pwani ya Kola. Wa tatu, Richard Chancellor, alifika Bahari Nyeupe, akasafiri nchi kavu hadi Moscow, na badala ya hariri ya China akarudi na biashara ya Urusi.

Lakini wanaonigusa mimi zaidi ni Waholanzi, kwa sababu mmoja wao alizijua bahari zote mbili. Jan Huygen van Linschoten aliishi miaka kadhaa Goa akiwa karani wa askofu mkuu wa Wareno. Aliisikia siri ya safari zao: pepo, mikondo, vituo, bei ya pilipili. Aliporudi kwao hakukaa. Mwaka 1594, na tena 1595, alipanda meli kwenda kutafuta njia ya barafu, kwenye misafara ileile iliyokuwa na nahodha Willem Barentsz. Mara zote mbili barafu iliwarudisha. Mwaka 1596 Linschoten alichapisha kitabu chake, *Itinerario*, kilichomwaga hadharani yale Wareno waliyoyaficha kwa miaka mia moja.

Mwaka huohuo, wakati mawe ya matumbawe yakipangwa juu ya mwamba wa Mombasa chini ya jua la pwani, Barentsz alikuwa amekwama kwenye kisiwa cha Novaya Zemlya. Barafu ilikuwa imeibana meli yake mpaka ikalia. Watu 17 walijenga nyumba kwa magogo yaliyoletwa na maji na mbao walizobandua melini. Waliishi humo majira yote ya baridi, ikiwemo miezi ambayo jua halikuchomoza hata siku moja, dubu weupe wakija kunusa mlangoni. Mmoja wao, Gerrit de Veer, aliandika shajara, na humo tunasoma kwamba walipokaa karibu na moto soksi ziliungua kabla miguu haijasikia joto. Barentsz alikufa Juni 1597, wakiwa kwenye mashua mbili wazi njiani kurudi. Walionusurika, watu 12, walifika Amsterdam mwanzoni mwa Novemba.

Walikuta mji una furaha. Miezi michache kabla yao, meli za Cornelis de Houtman zilikuwa zimerejea kutoka Java zikiwa na pilipili, na zilikuwa zimezunguka Rasi ya Tumaini Jema bila kumwomba Mreno ruhusa. Wafanyabiashara walipiga hesabu. Njia ndefu yenye joto ilikuwa imeleta mali, na ile fupi ya baridi imerudisha wagonjwa. Mwaka 1602 waliunda kampuni yao ya India Mashariki, na njia ya barafu haikupitwa yote kwa karibu miaka 300, hadi Adolf Erik Nordenskiöld alipoipita yote kwa meli *Vega* mwaka 1878 na 1879.

Fort Jesus na kibanda cha Novaya Zemlya vilizaliwa na ugomvi mmoja. Sikufundishwa hivyo shuleni. Nilifundishwa Wareno, kisha Waomani walioiteka ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, kana kwamba Mombasa ilikuwa na bahari yake peke yake.

*

*Vega* ilipokuwa ikihangaika barafuni, Mfereji wa Suezi ulikuwa na umri wa miaka 9 tu. Ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, na ndani ya miaka michache meli za moshi za British India, kampuni ya William Mackinnon, zikaanza kuleta barua na mizigo Zanzibar kupitia Aden. Jahazi lilingoja kaskazi ili lije na kusi ili lirudi. Meli ya moshi haikungoja upepo, ilitaka kina tu. Bandari ya Kale ilikuwa nyembamba kwake. Kilindini, jina lenyewe lataja kilindi, ilikuwa na maji ya kutosha. Mackinnon huyohuyo aliongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 Kilindini ilipata gati za maji marefu. Kwa hiyo mlango tunaoutazama kutoka Shelly ni mtoto wa mfereji uliochimbwa mbali na hapa, na watu ambao hawakuwahi kutuuliza.

Vita Vikuu vya Pili vikaurudisha ulimwengu kwenye njia za Wareno kwa muda. Bahari ya Mediterania haikupitika kwa meli za mizigo za Waingereza, hivyo silaha za kwenda Misri zilizunguka Cape, yaani Rasi ya Tumaini Jema, na kupanda kupitia Mlangobahari wa Msumbiji. Na si za Misri tu. Tangu Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, msaada wa kuipelekea Urusi ulipita njia tatu: Pasifiki, bandari za Iran, kwa meli zilizokwisha kuzunguka Cape, na bahari ya barafu hadi Murmansk na Arkhangelsk. Julai 1942 msafara uliojulikana kama PQ 17 ulishambuliwa kwenye njia hiyo ya barafu na meli 24 zikazamishwa. Kila njia ya kaskazini ilipoumia, njia inayopita mbele ya pwani yetu ilibeba zaidi.

Ndiyo maana Aprili 1942, Wajapani walipoishambulia Sri Lanka, Admirali James Somerville aliihamishia Kilindini sehemu ya manowari zake. Wasomaji wa siri za redio ya Japani waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, kisiwani, na kazi yao ikafanyika kwenye madarasa ambamo wengi wa Mombasa walisomea kabla na baadaye. Mwezi uliofuata Waingereza waliteremka Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, ili njia ile isije ikakatwa.

Mlango huu pia ulitoa roho za watu. Mapema Februari 1944 meli *Khedive Ismail* iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa nchi zetu. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache, na watu wapatao 1,300 wakapotea. Nikitazama meli ikipita mbele ya Shelly na mabaharia wake wakiegemea ukingoni, mara nyingi huwafikiria wale waliouona ufuo huu mara ya mwisho, wakiwa wamejipanga juu ya sitaha, mivinje ikififia nyuma yao.

*

Mzee aliposema Suezi ilifungwa, alikuwa akiizungumzia Juni 1967. Vita vya Israeli na nchi za Kiarabu viliufunga mfereji, na haukufunguliwa tena hadi tarehe 5 Juni 1975. Meli 14 zilinaswa kwenye Ziwa Chungu Kubwa katikati ya mfereji na kukaa humo miaka 8, mchanga wa jangwa ukizipaka rangi ya manjano. Mombasa hadi London kupitia Cape iliongezeka kwa zaidi ya maili 2,000 za bahari. Kahawa na chai ya Kenya, na mizigo ya Uganda iliyopanda juu kwa reli, yote ililipia maili hizo.

Katika miaka hiyohiyo wenye meli wakaikumbuka barafu. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Prudhoe Bay, Alaska, mwaka 1968. Mwaka 1969 kampuni ya Marekani iliimarisha meli ya mafuta *Manhattan*, yenye uwezo wa tani 115,000, ikaipeleka ipite kaskazini mwa Kanada. Ilikwama, ikasaidiwa na meli ya Kanada ya kuvunja barafu, ikapita, ikarudi na pipa moja la mafuta kama alama. Marekani ilikuwa haijaiomba Kanada ruhusa rasmi. Wakanada walishtuka: kama meli kama hiyo ingepasuka kati ya visiwa vyao, nani angesafisha? Mwaka 1970 wakatunga sheria ya kulinda maji ya Aktiki dhidi ya uchafuzi hadi maili 100 kutoka pwani. Marekani ikakataa, ikisema sheria za kimataifa haziipi nchi ya pwani mamlaka ya mbali kiasi hicho.

Ilikuwa kweli haziipi. Sheria iliyoijaza nafasi hiyo ilitoka kwetu.

Januari 1971, kwenye mkutano wa Kamati ya Ushauri wa Kisheria ya Asia na Afrika mjini Colombo, mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, alisimama na wazo. Ili kulielewa lazima urudi ufuoni. Wavuvi wetu wa mitumbwi na ngalawa huvua ndani ya mwamba na nje kidogo yake. Zaidi ya hapo, enzi hizo, palikuwa pa kila mtu, maana yake palikuwa pa mwenye meli kubwa. Meli za nchi za mbali zilivua zikigandisha samaki humohumo, bila kutia nanga Kilindini hata kununua maji. Wakubwa waliuita huo uhuru wa bahari. Mikutano ya Geneva ya 1958 na 1960 iliyojadili sheria ya bahari ilifanyika kabla Kenya haijapata uhuru wake. Hatukuwa na kiti, na haikukubaliana hata upana wa maji ya nchi.

Tangu 1952 Chile, Ecuador na Peru zilikuwa zikidai maili 200. Wenye manowari na meli za biashara walizikatalia, wakiogopa kwamba bahari ingekatwakatwa kama shamba na meli zizuiwe kupita. Njenga alitenganisha mambo mawili ambayo wote waliyafunga pamoja. Samaki na madini hadi maili 200 yawe ya nchi ya pwani, na nchi hiyo iwe na mamlaka ya kuzuia uchafuzi humo. Lakini meli zipite, ndege ziruke, nyaya zilazwe chini ya maji, bila kizuizi. Nchi ipewe mali iliyomo baharini bila kupewa ufunguo wa njia. Wazo hili la ukanda wa kiuchumi lilipita mikutano ya Lagos na Yaoundé mwaka 1972, na Agosti ya mwaka huo Kenya ikaliwasilisha kwa maandishi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Rasimu ile ilikumbuka pia majirani wasio na bahari, ikisema wapewe haki ya kushiriki katika ukanda huo. Aliyekulia Mombasa anajua kwa nini: malori ya Uganda yako mbele ya macho yake kila siku.

Nasema hili kwa fahari na sioni haya. Nchi ambayo haikuwa imetimiza miaka 9, isiyo na meli kubwa hata moja ya kutisha mtu, iliandika kurasa chache zilizobadili zaidi ya theluthi moja ya bahari ya dunia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunga mkono. Mwaka 1974, kwenye mkutano wa sheria ya bahari mjini Caracas, Marekani na Muungano wa Kisovieti, waliokuwa wamepinga, walianza kukubali kwa masharti. Mwaka 1976 wote wawili walijitangazia kanda zao za uvuvi za maili 200. Kenya ilitangaza ukanda wake tarehe 28 Februari 1979, chini ya Rais Daniel arap Moi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ukatiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, Kenya ikiwa miongoni mwa waliotia saini siku ileile. Ulianza kufanya kazi mwaka 1994.

Ndani ya mkataba huo kuna kifungu cha 234. Ni kifupi. Kanada ilikipigania, ikakiandaa kwa mazungumzo na Wasovieti na Wamarekani. Kinasema kwamba mahali ambapo bahari imefunikwa na barafu kwa sehemu kubwa ya mwaka, nchi ya pwani inaweza kutunga na kusimamia sheria za kuzuia uchafuzi wa meli, bila ubaguzi. Na mipaka ya mamlaka hayo? Ni ndani ya ukanda wa kiuchumi. Ukanda uleule. Bila maili 200 za Njenga, kifungu cha 234 kisingekuwa na mahali pa kukaa.

Urusi imejenga juu ya msingi huo. Wasovieti walikuwa na meli ya nyuklia ya kuvunja barafu, *Lenin*, tangu 1959. Mwaka 1991 njia ya kaskazini ilifunguliwa rasmi kwa meli za kigeni. Mwaka 2009 meli mbili za kampuni ya Kijerumani ya Beluga zilitoka Ulsan, Korea, zikaipita hadi Ulaya. Sheria ya Urusi ya 2012 ilieleza kwamba maji ya njia hiyo yanafika hadi ukingo wa ukanda wake wa kiuchumi, na kila meli lazima iombe ruhusa kabla ya kuingia. Mwaka 2018 usimamizi ulitiwa mikononi mwa Rosatom, shirika la nyuklia. Mwaka huohuo China ilitangaza sera yake ya Aktiki na kuiita njia hiyo Njia ya Hariri ya Ncha, na *Venta Maersk* ikawa meli kubwa ya kwanza ya makontena kuipita, kutoka Vladivostok hadi St. Petersburg. Mwaka 2025 meli iitwayo *Istanbul Bridge* ilitoka Ningbo, China, ikafika Felixstowe, Uingereza, kwa siku zipatazo 20.

Msomaji asitishike kupita kiasi. Mwaka 2024 njia hiyo ilipitisha tani zipatazo milioni 38, nyingi zikiwa gesi na mafuta ya Urusi yenyewe. Suezi, katika mwaka mzuri, hupitisha zaidi ya tani bilioni 1. Barafu bado inafunga miezi mingi, ukungu ni mzito, na bandari za kukimbilia ukipata hitilafu ni chache mno.

Kenya, basi, ina maslahi gani? Chukua tufe la dunia na uzi. Uzi wa Mombasa hadi Rotterdam hautapita barafuni kamwe. Kwa safari zetu wenyewe njia ile haipunguzi hata maili moja. Tunachohitaji kuangalia ni shina. Makontena mengi ya Mombasa huletwa na meli zinazounganisha na njia kuu ya Asia na Ulaya kwenye bandari kama Salalah na Jeddah. Sisi tuko kwenye tawi. Shina likihama, tawi hulipa zaidi kwa huduma ileile.

Hili tumeliona juzi tu. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli *Galaxy Leader* katika Bahari ya Shamu. Kufikia Desemba kampuni kubwa zilikuwa zikipeleka meli zao Cape. Mapato ya Suezi yalishuka kutoka dola zaidi ya bilioni 10 mwaka 2023 hadi kama bilioni 4 mwaka 2024. Chai ya Mombasa inayokwenda Pakistan, mnunuzi wetu mkubwa, haikuguswa sana, kwa kuwa haipiti huko. Ya Misri na Uingereza iliguswa. Walioumia zaidi ni wakulima wa avokado wa bara: tunda lililochumwa likiwa gumu likakaa baharini wiki mbili zaidi, na kontena likifunguliwa Ulaya ulaini umekwisha kufika kabla ya mnunuzi. Kila shida kama hiyo ya Bahari ya Shamu ni hoja mkononi mwa anayeuza njia ya barafu.

Pia kuna lile la sheria. Kifungu cha 234 kinategemea barafu kufunika bahari kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ikiyeyuka na isifunike tena, je, Urusi na Kanada zitaendelea kudai ruhusa? Swali hilo litajadiliwa na nchi zilizo ndani ya mkataba, na Kenya imo tangu 1989. Katika Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo kanuni zake za meli za maji ya ncha zilianza kazi tarehe 1 Januari 2017, Kenya imewahi kukaa kwenye baraza, na mwaka 2023 ilimsimamisha Nancy Karigithu kugombea ukatibu mkuu, ingawa nafasi ikaenda Panama. Ningependa siku hiyo ikifika, anayesimama kwa niaba yetu azijue karatasi za Agosti 1972 kama anavyolijua jina la babu yake.

Na barafu yenyewe haikai huko. Ile inayoelea ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari, lakini ya Greenland iko juu ya nchi kavu, na ikiteremka majini huongeza. Wingi wa barafu ile huvuta maji kuelekea kwake. Ukipungua, maji huachiliwa yaende mbali. Kwa hiyo bahari hupanda zaidi huku kwenye joto kuliko kando ya Greenland yenyewe. Pale Shelly baadhi ya mivinje imesimama na mizizi nje, udongo ukiwa umeliwa chini yake, na kina mama wa mihogo wameisogeza meza yao nyuma.

Jioni ile maji yalikuwa yameanza kujaa tulipoinuka. Meli nyingine ilikuwa inatoka, tupu kidogo, chini yake kukionekana ile rangi nyekundu. Mzee alisimama kuiangalia. Mashua ya rubani iliisogelea ubavuni, ikangoja rubani ateremke ngazi, ikaachana nayo. Meli ikavuka mwamba, ikakaa kidogo kama inayofikiri, kisha ikapinda kulia.

"Yaenda kwa huku," mzee akasema. "Suezi imefungwa tena?"

Nikamwambia haijafungwa, ila wengi waogopa kuikaribia.

Akatikisa kichwa, akakung'uta mchanga kwenye kikoi chake, akaendelea kuifuata kwa macho mpaka taa zake zikachanganyika na za Diani.